Sahani, Sikio na Hukumu: Mfarakano wa Wapenzi wa Jazi Nchini Ufaransa, 1932–1949

Utangulizi

Historia ya muziki wa jazi aghalabu huelezwa kwa kufuata maisha ya wapigaji wake: walikozaliwa, bendi walizopigia, na kile ambacho kila mmoja alikiongeza katika urithi aliopokea. Makala haya yanakusudia kuitazama historia hiyo kwa upande wa wasikilizaji, nao ni wasikilizaji wa mbali, ambao wengi wao hawakupata kuvuka bahari kwenda Marekani muziki huo ulikozaliwa. Hao ni wapenzi wa jazi wa Ufaransa, waliojikusanya katika chama kilichoitwa Hot Club de France mwaka 1932, wakaazimana sahani za santuri, wakazisikiliza pamoja, wakabishana juu yake kwa maneno na kwa maandishi, na hatimaye wakafarakana mwaka 1947. Chanzo cha mfarakano huo kilikuwa sahani chache zilizotoka New York.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni la wanamuziki wala si la wanalugha. Hata hivyo, likichunguzwa vema, mabishano ya Wafaransa hao yalihusu maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi simulizi hukutana nayo kila siku. Kazi iliyotungwa papo kwa papo, ikisha kunaswa na mashine, je, bado ni kazi ile ile? Ni nani mwenye haki ya kuihukumu: yule aliyekuwapo ilipotungwa, au yule aliyeirudia kuisikiliza mara mia? Na jina la kazi hiyo lina mipaka gani, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kuichora? Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba sahani iliwapa wapenzi hao uwezo mkubwa wa kuhukumu, lakini papo hapo ikawaficha upungufu wake yenyewe. Na kwamba mfarakano wao ulitokana na upungufu huo kwa kiasi kisichopungua kile kilichotokana na tofauti za ladha zao.

Muziki uliofika kwa sahani

Katika miaka ya 1920 na 1930 sahani ya kawaida ilikuwa na upana wa inchi 10, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande wake ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Wimbo ambao ukumbini ungeweza kurefushwa kadiri wachezaji walivyotaka, ulilazimika kukatwa ukakatika hata ukaingia katika dakika hizo. Kwa hiyo aliyeijua jazi kwa sahani peke yake aliijua katika umbo fupi ambalo wapigaji wenyewe hawakulichagua.

Jambo la pili ni kwamba sahani hazikufika kwa usawa. Sahani ya kwanza ya jazi kuuzwa ilitolewa mwaka 1917, nayo ilipigwa na Original Dixieland Jass Band, bendi ya wazungu wa New Orleans, ingawa muziki wenyewe ulikuwa na chimbuko lake miongoni mwa Wamarekani weusi. King Oliver na bendi yake, ambayo kijana Louis Armstrong alipigia tarumbeta ya pili, walianza kurekodi mwaka 1923. Zaidi ya hayo, kampuni za Marekani ziliziweka sahani nyingi za wapigaji weusi katika orodha za peke yake, zilizokusudiwa wanunuzi weusi wa huko huko. Mpenzi wa jazi aliyekuwa Paris alipokea kile ambacho wafanyabiashara waliona kinafaa kusafirishwa.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea Hugues Panassié. Alizaliwa Paris mwaka 1912, akaugua polio katika ujana wake, ugonjwa uliomwachia ulemavu, akajifunza kupiga saksafoni, kisha akajitosa katika kukusanya sahani. Hot Club de France, ambayo mwanzo wake ulikuwa chama cha wanafunzi, ilimfanya rais wake. Shughuli kuu ya chama ilikuwa kusikiliza: wanachama walikusanyika mbele ya gramafoni, mmoja wao akaeleza sahani moja baada ya nyingine, kisha majadiliano yakafunguliwa. Matawi yakaanzishwa katika miji mingine ya nchi. Mwaka 1934 chama kikaunda kikundi chake cha muziki, ambamo gitaa la Django Reinhardt na fidla ya Stéphane Grappelli vilipata umaarufu wa dunia nzima, na mwaka 1935 likatokea jarida lililoitwa Jazz Hot.

Mwaka huo wa 1934 Panassié, akiwa na umri wa miaka 22, alitoa kitabu chake Le Jazz Hot. Ndani yake alitenga aina mbili za muziki: ule aliouita moto, ambao mpigaji huutia nafsi yake na kuutunga papo kwa papo, na ule ulionyooka, unaofuata maandishi bila ya kuyavuka. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1936, kikasomwa hata na Wamarekani wenyewe. Basi kijana ambaye hajapata kukanyaga Marekani akawa mmoja wa walimu wa Wamarekani juu ya muziki wao. Kisa hicho hakiwezi kueleweka pasipo sahani.

Majina yasiyoandikwa

Mwenzake mkuu katika chama alikuwa Charles Delaunay, aliyezaliwa mwaka 1911, mwana wa wachoraji mashuhuri Robert na Sonia Delaunay. Tabia zao hazikufanana. Panassié alikuwa mtu wa hukumu. Delaunay alikuwa mtu wa orodha. Mwaka 1936 Delaunay alitoa kitabu kilichoitwa Hot Discography, ambacho kilisaidia sana kulieneza neno diskografia, yaani elimu ya kuorodhesha sahani.

Ugumu wa kazi hiyo haufai kupuuzwa. Karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani ilitaja jina la wimbo na la bendi, lakini kwa kawaida haikuwataja wapigaji mmoja mmoja. Mara nyingine jina la bendi lenyewe lilikuwa la bandia, kwa kuwa mpigaji aliyefungwa na mkataba wa kampuni moja aliweza kurekodi kwa kampuni nyingine kwa siri. Mwanachama wa Hot Club alilazimika kumtambua mpigaji kwa sikio: mtetemo wa tarumbeta, namna ya kuingia katika ubeti, pumzi inayosikika kabla ya sauti. Tambuzi hizo zilijadiliwa na kupingwa, na barua zikapelekwa kwa wapigaji wenyewe kuwauliza. Pamoja na sikio, Delaunay alitumia nambari iliyochongwa katika sahani karibu na karatasi ya jina. Nambari hiyo ilionyesha siku moja ya kurekodi ilitoa nyimbo zipi, na mara nyingine ilionyesha pia kwamba wimbo mmoja ulipigwa mara mbili au tatu mbele ya mashine, na kwamba sahani mbili zenye jina moja zilibeba mapigo tofauti.

Hapa pana fundisho kwa wanaokusanya tungo simulizi. Kabla ya orodha hizo, mtu angeweza kusema kwamba anaujua wimbo fulani wa Armstrong. Baada yake, ilimpasa aseme anaijua sahani ipi, ya tarehe ipi, na pigo la ngapi. Wimbo ulikoma kuwa kitu kimoja, ukawa jamii ya matukio. Mhakiki yeyote aliyewahi kulinganisha miswada miwili ya utenzi mmoja ataitambua hali hiyo mara moja.

Juu ya hayo, orodha ya Delaunay haikuwa tupu ya hukumu. Jina la kitabu chenyewe lilidokeza uteuzi: kiliandikwa kile kilichostahili kuitwa moto, na kingine kikaachwa nje. Tofauti iliyopo ni kwamba orodha, kwa maumbile yake, hudai nyongeza. Kila sahani mpya iliyogunduliwa ilimlazimisha mwandishi kuifungua upya.

Kosa lililokiriwa

Katika kitabu chake cha 1934 Panassié aliwasifu sana wapigaji wazungu, hasa Bix Beiderbecke na vijana wa Chicago kama Frank Teschemacher. Mwaka 1938 alisafiri kwenda New York, ambako alisimamia kurekodiwa kwa wapigaji kadhaa, miongoni mwao Sidney Bechet, Tommy Ladnier na Mezz Mezzrow. Mwaka 1942 kikatoka kitabu chake cha pili, The Real Jazz, na ndani yake alifanya jambo ambalo wahakiki hulifanya kwa nadra: alikiri kwamba hukumu zake za kwanza zilipotoka, kwa kuwa aliijua jazi kwanza kupitia wazungu, na hivyo hakuwapa wapigaji weusi nafasi iliyowastahili.

Ungamo hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Panassié hakusema kwamba sikio lake lilikuwa baya mwaka 1934. Alichokiri ni kwamba sikio lake lilifunzwa na kile kilicholifikia. Sanduku la sahani lilikuwa limeamua mambo kabla ya mwenye sanduku kufungua kinywa. Wafanyabiashara waliochagua sahani za kupeleka Ulaya walikuwa, pasipo kukusudia, wahakiki wa kwanza.

Mamlaka ya sikio yalipimwa kwa njia nyingine pia. Mwaka 1946 mwandishi Leonard Feather alianzisha katika jarida la Metronome la Marekani mtihani ambao mwanamuziki alipigiwa sahani bila ya kuambiwa ni ya nani, akatakiwa kutoa maoni yake. Mwaka 1951 mpiga tarumbeta Roy Eldridge, ambaye alikuwa mweusi, alidai kwamba angeweza kumtambua mpigaji mweusi na mweupe kwa kusikia tu. Alipopewa sahani hizo alikosea mara nyingi kuliko alivyopatia, naye akakubali kushindwa. Ikiwa bingwa wa fani yenyewe, aliyeishi ndani yake, aliweza kukosea hivyo, ni dhahiri kwamba wapenzi waliokuwa ng'ambo ya bahari walihitaji unyenyekevu zaidi.

Miaka ya ukimya

Vita Kuu ya Pili viliikata njia ya sahani. Wajerumani waliikalia Paris tangu 1940 hadi 1944. Jazi haikutoweka, kinyume chake ilipendwa zaidi, na Django Reinhardt alipata umaarufu mkubwa katika miaka hiyo. Lakini sahani mpya za Marekani hazikuingia, na nyimbo za Kimarekani zilipigwa kwa majina ya Kifaransa. Delaunay alishiriki katika upinzani wa siri dhidi ya Wajerumani, akakamatwa mwaka 1943, kisha akaachiliwa. Panassié aliishi mbali na Paris, kusini magharibi mwa nchi.

Wakati huo huo, huko Marekani kwenyewe kulikuwa na ukimya wa namna nyingine. Tangu tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki kiliwakataza wanachama wake kurekodi, kikidai malipo kutoka kwa kampuni za sahani. Baadhi ya kampuni zilikubali masharti mwaka 1943, lakini kampuni mbili kubwa, Columbia na Victor, hazikusalimu amri hadi Novemba 1944. Isitoshe, lakri iliyotumika kutengeneza sahani ilitoka India, nayo ikawa adimu kwa sababu ya vita. Ni katika miaka hiyo hiyo ambapo Dizzy Gillespie, Charlie Parker, Thelonious Monk na wenzao walikuwa wakifinyanga mtindo uliokuja kuitwa bibopu, wakikutana usiku katika vilabu vya Harlem kama Minton's. Hatua zilizouunganisha mtindo huo na ule uliotangulia zilipigwa mbele ya watu, lakini nyingi hazikunaswa na mashine.

Matokeo yake ni rahisi kufahamu. Msikilizaji wa Harlem aliyekwenda kilabuni wiki baada ya wiki alisikia mabadiliko yakija kidogo kidogo. Msikilizaji wa Paris alikuwa na sahani za kabla ya vita mkononi, kisha pengo, kisha sahani za 1945. Kwake yeye hapakuwa na mpito ila mruko.

Mfarakano

Sahani za Gillespie na Parker zilizorekodiwa New York mwaka 1945 zilimfikia Delaunay baada ya vita. Zilimshangaza kwa kasi yake na kwa mapatano yake ya sauti yaliyokuwa mageni, naye akaona kwamba anasikia jazi ikipiga hatua. Panassié alisikia jambo jingine. Hakusema tu kwamba muziki huo ni mbaya. Alisema kwamba si jazi. Kauli hizo mbili hazilingani. Mtu akisema kitu ni kibaya, unaweza kubishana naye juu ya ladha na mkaendelea kukaa meza moja. Akisema kitu hicho si jazi, katika chama kilichoundwa kwa ajili ya jazi, amekwisha kuamua ni nani abaki ndani na ni nani atoke.

Mwaka 1947 Delaunay akatolewa katika Hot Club de France. Hata hivyo jarida Jazz Hot likabaki upande wake, na André Hodeir, mtunzi wa muziki na mhakiki, akawa mhariri wake mkuu. Riwaya na mashairi hayakumzuia Boris Vian kuandika humo pia, na kalamu yake ilimdhihaki Panassié bila ya huruma. Pande mbili zikapeana majina: waliopenda mtindo wa zamani wakaitwa tini zilizooza, nao wakawaita wenzao zabibu chungu. Matawi ya mikoani yakalazimika kuchagua. Marafiki waliokuwa wakiazimana sahani kwa miaka kumi na mitano wakaacha kusalimiana.

Wapinzani walishindana pia kwa vitendo. Mwezi wa Februari 1948 tamasha la jazi lilifanyika Nice, Louis Armstrong akiwa nguzo yake, na Panassié akawa na sauti katika uteuzi wa wapigaji. Mwezi huo huo Delaunay akamleta Gillespie na bendi yake kubwa katika ukumbi wa Salle Pleyel, Paris. Mei 1949, katika ukumbi huo huo, tamasha lililoandaliwa na Delaunay liliwakutanisha Charlie Parker, Miles Davis na Sidney Bechet. Bechet alikuwa mpigaji wa New Orleans aliyependwa mno na upande wa Panassié. Jukwaa, basi, lilifanya kile ambacho karatasi ilishindwa kukifanya: liliwaweka wazee na vijana chini ya jina moja.

Jina na mipaka yake

Inafaa kuuliza kama swali la Panassié, kwamba hiki ni jazi au si jazi, lingeweza kujibiwa kwa sahani hata kidogo. Neno halipati maana yake kutoka kwa kitu kinachotajwa peke yake. Hulipata pia kutoka kwa watu wanaolitaja. Ushahidi wa jambo hilo upo karibu. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa katika miaka ya 1930, Morogoro Jazz Band mwaka 1944, na huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, OK Jazz ilianzishwa mwaka 1956. Bendi hizo hazikupiga muziki wa New Orleans wala wa Harlem. Sahani zilizoziathiri zaidi zilikuwa za Kuba, ambazo ziliuzwa barani Afrika tangu miaka hiyo ya 1930 chini ya herufi GV. Kwa wapigaji na wachezaji wa huku, jazi ilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa. Panassié angekataa katakata, lakini mwanalugha hawezi kusema kwamba watu wa Morogoro walikosea. Walilipokea neno, wakalipa kazi, nalo likafanya kazi hiyo.

Kuhusu sahani yenyewe, pwani yetu ina ushahidi wake pia. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zao. Sahani hizo zilizieneza nyimbo zake mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika. Lakini dakika tatu za upande mmoja ni zile zile Bombay na Chicago. Anayetaka kuueleza utungo wa taarabu ya wakati ule kwa kutegemea sahani zilizobaki hana budi kukumbuka kwamba anatazama kipande kilichokatwa kwa kipimo cha mashine, wala si usiku mzima wa uimbaji.

Mkusanyaji naye huwa na mkasi wake. Dean Benedetti, mpiga saksafoni wa Marekani, alimfuata Charlie Parker vilabuni katika miaka ya 1947 na 1948 akimrekodi kwa mashine yake. Kwa sehemu kubwa alinasa vipande alivyopiga Parker tu. Wengine walipoanza, mashine ikazimwa. Kanda na sahani zake zilipotolewa hadharani mwaka 1990, wasikilizaji walipata hazina isiyo na mfano, na papo hapo wakamsikia mtu anayejibu maswali ambayo hayasikiki. Mapenzi ya Benedetti ndiyo yaliyohifadhi, na mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyofuta.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba wapenzi wa jazi wa Ufaransa walijenga elimu ya kweli juu ya sahani, na kwamba elimu hiyo ilikuwa na mashimo ambayo sahani zenyewe hazikuweza kuyataja. Mara ya kwanza, shimo lilikuwa la rangi na biashara. Panassié aliliona, akalikiri, na kukiri kwake kunabaki kuwa heshima yake. Mara ya pili, shimo lilikuwa la miaka ya vita na ya marufuku ya kurekodi. Safari hii aliyatafsiri yale ambayo hayakurekodiwa kuwa ni mambo ambayo hayakutokea, na kutoka hapo akahitimisha kwamba mtoto hana nasaba. Aliushikilia msimamo huo hadi alipofariki mwaka 1974. Delaunay alifariki mwaka 1988, nao hawakuwa wameurudisha umoja wa chama.

Leo mkusanyo wa Panassié umehifadhiwa katika maktaba ya mji wa Villefranche-de-Rouergue, na wa Delaunay umo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa. Mtafiti anaweza kuvisoma vyote viwili, akazisikia sahani zile zile zilizowagombanisha wenyewe. Atakayefanya hivyo hatakuwa na haja ya kuchagua upande. Atakuwa na haja ya kuuliza, mbele ya kila sahani, swali ambalo linampasa kila mkusanyaji wa tungo zilizotoka kinywani au mkononi mwa mtu: je, mashine ilipozimwa, nini kiliendelea?